Sababu ya Jumatano Ile

Nyamira, Jumamosi, saa nane mchana

Moraa mwanangu,

Umetoka hapa saa sita kwenda Nyamache kumuaga nyanya yako, na jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kuombewa mara tatu. Basi nina muda mpaka giza liingie. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Nairobi, baba yako atakuwa ametoka Mombasa akungoje huko, na kesho kutwa ndege itakuchukua mpaka India kusoma. Mimi nitakusindikiza hadi stendi, nitarudi, nitaosha vikombe viwili, halafu sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za dawa ya malaria, wala za wanaume. Shangazi zako wamekupa maagizo ya kukutosha wewe na abiria wote wa ndege hiyo. Tena una miaka kumi na tisa, na ukweli ni kwamba mambo mengi ya nyumba hii umenifundisha wewe.

Usishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii nitalia kabla sijamaliza mstari wa kwanza, na Kiingereza changu ni cha kadi za kliniki tu: jina, uzito, tarehe ya kurudi. Kiswahili kinanikalisha mbali kidogo na maneno yangu, nami leo nahitaji kukaa mbali kidogo.

Jambo lenyewe ni la ile Jumatano ya mwaka wa tisini na tatu, mashine ya zahanati kule Sironga ilipopoteza majina ya watoto, ikasemekana wewe ndiye uliyeiharibu. Si wewe. Ni mimi. Nimelikalia neno hilo miaka mitano. Wiki hii yote nimekufuata nalo jikoni na uani, na kila ukigeuka kunitazama naishia kukuuliza kama umepakia soksi. Umeniambia umepakia soksi mara tisa. Sasa naliandika, maana siwezi kukuacha upande ndege ukiwa bado umebeba mzigo wangu.

Unakumbuka mashine ilivyokuja? Marafiki wa kanisa waliituma kutoka ng'ambo, imekwisha tumika na kuchoka huko, imezungushiwa magazeti ya lugha ambayo hata Sista msimamizi hakuijua. Kasha zito, rangi ya meno ya mvuta sigara. Watu walikuja kuchungulia dirishani wakitarajia picha na michezo. Yetu ilikuwa na Unix, mfumo wa kuandikiwa amri tu. Kioo cheusi, maandishi meupe, na kile kialama kinachopepesa kikingoja useme kitu. Kijana aliyetumwa kutufundisha alikaa siku mbili, akapata mafua ya baridi ya Sironga, akaondoka. Tukabaki na kitabu kinene kama Biblia ya mimbarini, na mimi, karani wa kadi, nikaambiwa kwamba kuanzia leo majina ya watoto wote wa chanjo yataingia humo.

Nilikuwa naiogopa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukawa unapita baada ya shule kunisubiri, ukaanza kusoma kile kitabu kwa sababu hapakuwa na kingine. Baada ya miezi michache mimi ndiye niliyekuwa nakungoja wewe.

Kuna ile betri ndogo ya ndani, kama kifungo cha koti, inayoifanya mashine ikumbuke saa na kukumbuka kwamba ina diski. Ilikuwa imekufa tangu huko ilikotoka. Kila ilipozimwa ilisahau yote. Ukiiwasha asubuhi inakuambia haina diski, na inadhani huu ni mwaka wa 1980. Wewe ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka sana. Mwaka wa 1980 ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa kwa leso ya manjano, unanitemea mate shingoni. Mashine ilinirudisha huko kila siku ya Mungu, halafu unaingia wewe na sare yako ya shule, unaiandikia namba za diski, unasubiri mlio wa redio wa saa moja, unaiwekea saa sawasawa, na mwaka wangu wa 1980 unakwisha.

Ulifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shule. Ukikuta haitaki kabisa, unafungua kifuniko, unashika chuma kwanza ili umeme wa mwilini ukutoke, unavibana vile vijidude vyeusi kwa kidole gumba kimoja kimoja, maana baridi ya usiku na joto la mchana vilikuwa vinavisukuma vitoke kwenye viti vyao. Ukisikia diski haizunguki unaifunika na leso yangu, unangoja, kisha unaigusa ubavuni kwa kiganja, taratibu, mpaka inguruke. Leso ile mpaka leo inanuka mashine. Mimi nilikuwa na dawa moja tu, kofi.

"Mama, usiipige," uliniambia siku moja. "Inasema inachotaka. Soma."

Nilikujibu kwa ukali, nadhani nilisema sisomeshwi na mtoto niliyemzaa. Ukaendelea na kazi yako. Neno lako hilo, soma, nimelirudia peke yangu mara nyingi kuliko zaburi yoyote, na kama nina ushauri wowote wa kukupa katika barua hii, basi ni huo wako mwenyewe.

Sasa nije kwenye radi.

Wewe ni wa hapa, huhitaji kuambiwa. Saa nane, saa tisa, mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, kuku wanaingia jikoni bila kukaribishwa, na milima inaanza kujibizana. Hakuna mtu wa kwetu anayebishana na radi. Mama yangu alitulea hivyo: ikinguruma, zima redio, chomoa waya ukutani, funika kioo cha kujitazamia kwa kitambaa, kaa chini mbali na mlango na usiongee sana. Nilimwona jirani yetu mmoja akiletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Nilikuwa na miaka saba. Tangu siku hiyo mkono wangu husikia radi kabla ya masikio.

Na mashine ile ndicho kitu kimoja duniani kisichotaka kuchomolewa. Ulinieleza mara nyingi, kwa upole, ukichora kwenye karatasi. Kwamba yale ninayoyaandika haiyaweki kwenye diski papo hapo, inayashika kwanza kichwani, ikipata nafasi ndiyo inayaandika. Kwamba ukitaka kuizima sharti uiambie kwanza imwage kila ilichokishika, ile amri ya sync, ambayo wewe uliipiga mara tatu kama ulivyoona kitabuni. Halafu amri ya kuzima. Halafu kungoja mpaka yenyewe iandike kwamba sasa ni salama. Dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu chini ya radi ya Sironga, Moraa! Hata malaika angechomoa.

Nilichomoa. Si mara moja tu. Asubuhi yake unaiwasha, inalalamika kioo kizima, nawe unageuka.

"Mama, inasema jana haikuzimwa vizuri."

"Stima ilipotea," nakujibu.

Na kwa kuwa stima ya kwetu hupotea kweli, uongo huo haukunigharimu kitu. Uliugharamia wewe. Ulikaa pale ukisoma kila swali ililouliza, unafikiri, unajibu, unasoma lingine, mpaka kengele ya shule inalia ukiwa bado kwenye kiti. Nilikuja kuambiwa na mwalimu wako, miezi baadaye, kwamba msimu wa mvua ulikuwa unachapwa karibu kila wiki kwa kuchelewa. Hukuwahi kunitajia.

Jumatano ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama walijaa mpaka kwenye nyasi, watoto wanalia kwa zamu, na Sista alikuwa anataka orodha ya wanaorudi kwa sindano ya pili. Nilikuwa katikati ya kuandika. Radi ikapiga nyuma ya tangi la maji, karibu sana hata nikaona mwanga kwenye kucha zangu. Nilipopata fahamu plagi ilikuwa mkononi mwangu na kioo kilikuwa cheusi.

Hapo bado palikuwa na njia. Ningengoja nusu saa utoke shule. Lakini mvua ilipopungua Sista alichungulia akauliza orodha iko wapi, nami nikaona aibu kusema sijui kuiwasha mashine niliyolipwa kuitumia. Nikachukua ile karatasi yako iliyobandikwa ukutani, nikaandika namba za diski kama ulivyoziandika. Ikawaka. Nikajisifu kidogo. Ikaanza maswali. Faili hili halina mwenyewe, niliondoe? Hili limevunjika, nilifute? Ndiyo au hapana?

Sikusoma. Wamama wanapiga kelele nje, Sista amesimama mlangoni na saa yake. Nilibonyeza ndiyo. Likaja lingine, ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Nilifikiri nikikubali kila kitu itaniacha. Ikaniacha kweli. Ilipomaliza nikaita orodha ya watoto, ikaniambia hakuna kitu cha jina hilo.

Watoto wote wa kuanzia Sironga mpaka huku, Moraa. Miezi ya kazi yangu na yako.

Sista aliniuliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Bosibori, nani ameigusa hii mashine leo?"

Nikasema, "Moraa ndiye huiwasha asubuhi, Sista."

Sikudanganya hata herufi moja. Ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Ulifika saa kumi na robo, mkoba begani, soksi zimelowa. Sista alikueleza mbele ya watu. Uliniangalia mara moja tu. Mimi nilikuwa natafuta kalamu chini ya meza, kalamu ambayo ilikuwa nyuma ya sikio langu. Nikasikia unasema, "Sista, naomba nijaribu kwanza."

Ulijaribu mpaka giza likaingia. Kuna mahali mashine hizi hutupa vipande vilivyookotwa bila mwenyewe, kila kimoja kina namba badala ya jina. Ulikwenda huko, ukavifungua kimoja kimoja. Uliniuliza bila kugeuka, "Mama, huyu nani, kilo saba, mtoto wa tatu?" Nikitazama kwenye kadi zilizobaki, nakuambia huyo ni Kemunto. Unamrudishia jina lake, unakwenda kwa mwingine. Tulikaa hivyo, mgongo wako na sauti yangu, na sijawahi kukupenda kama jioni ile wala kujichukia hivyo. Mlango ulikuwa wazi. Sista alikuwa chumba cha pili akihesabu sindano. Ningenyanyua tu sauti.

Uliokoa zaidi ya nusu. Waliobaki niliwaandika upya kwa miezi minne, kila mama alipoleta kadi yake. Na wewe uliambiwa usikanyage tena chumba kile.

Miaka miwili. Wanawake wa foleni wakakupa jina, yule aliyemeza majina. Walisema kwa mzaha, watu wetu wakipata mzaha hawauachi mpaka uoze. Ukaanza kuzunguka njia ya juu, ya kwenye mikaratusi, ili usipite mbele ya zahanati. Nilikuwa nakuona dirishani. Unakwenda haraka, umeinamisha kichwa, na mimi nimekaa mbele ya kile kitu ulichokipenda kuliko vyote, nakigusa kwa vidole viwili.

Utauliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kazi. Hilo ni kweli, na mshahara ule ndio uliokupeleka shule, hilo nalo ni kweli, na nilijificha nyuma ya kweli hizo mbili vizuri sana. Lakini hata Sista alipohamishwa, hata kazi ilipokuwa imara, sikusema. Kufikia hapo sikuwa naogopa kazi tena. Nilikuogopa wewe, uso wako siku utakapojua. Niliona bora ukose mashine kuliko nikose namna unavyonitazama. Ndivyo nilivyochagua, na nimekuandikia kama ilivyo bila kuipaka mafuta.

Nilichoweza kufanya ni cha mwizi anayerudisha kidogo kidogo. Nilikwenda Kisii mjini kununua sindano ya cherehani kwa Bwana Kanti, nikamweleza kwamba nina mtoto anayeziweza kompyuta na hana pa kuzigusa. Akanitazama juu ya miwani.

"Lete msichana," akasema. "Stoo yangu iko na komputa mbili ya kijana yangu. Yote hapana waka. Kama yeye nawasha, yeye nachukua."

Unajua mengine. Jumamosi ngapi ulikaa kwenye stoo ile katikati ya mikanda ya cherehani na makopo ya mafuta, ukitoa kumbukumbu kwenye maiti moja na kuitia kwenye nyingine, unasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli. Ile Unix ya bure ikaja kwenye disketi zaidi ya thelathini, na ya kumi na tisa ikakataa, kwa sababu mimi, mamako, nililipanga rundo zima juu ya spika ya redio, penye sumaku, nikidhani nimeziweka pazuri. Ulilala sakafuni ukacheka. Siku hiyo nilidhani labda umepona.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumshukuru. Nikamwambia unakwenda kwao. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwetu? Mama Moraa, mimi India naona kwa kalenda tu. Mimi nimezaliwa hapa Kisii. Moraa hapa namwambia bwakire buya asubuhi, huko nani atamwambia?"

Kisha akawa anapanga bobini kwenye kisanduku. Akasema kijana wake alipoondoka kwenda Kanada walikuwa wamegombana kwa jambo dogo, na hakuna aliyesema kitu stendi. "Sasa yeye napiga simu. Dakika tatu. Mimi nauliza baridi iko? Yeye nauliza mvua iko? Miaka nane tunaongea habari ya mvua."

Niliondoka dukani bila kuchukua chenji yangu, akanitumia mtu aniletee.

Mashine uliyoitengeneza iko hapa mezani, umeiacha ikiwaka kama kawaida yako, feni yake inavuma kando ya kiwiko changu. Sitaki kuongeza

Nimerudi. Sasa ni saa kumi kasoro. Niliacha sentensi hapo juu katikati kwa sababu radi imeanza, na mkono wangu ulikuwa umefika ukutani. Umefika kabisa, umeshika plagi. Nikauambia hapana. Nikaketi mbele ya mashine nikajikuta sikumbuki amri ya kuzima, ile inayofuata baada ya sync tatu, kwa sababu miaka hii yote huizima wewe.

Nikafungua sanduku lako. Nisamehe, nimevuruga ulivyokunja. Nilijua daftari lako la mashine liko humo, lile la gamba la bluu lililofunikwa na karatasi ya kalenda, maana nilikuona ukilipakia chini ya sweta na nikashangaa mtu anapelekaje India daftari la darasa la nane. Nilitaka ukurasa wa amri tu. Nikauona, nikaandika kama ulivyoandika, nikangoja. Paa lilikuwa linapigwa na mvua ya mawe, mimi nimekaa mikono mapajani. Iliandika kwamba sasa ni salama. Ndipo nikachomoa.

Halafu nikakaa sakafuni kando ya sanduku nikafungua daftari kuanzia mwanzo.

Umelipiga mistari vizuri. Tarehe. Ilichosema mashine. Nilichofanya. Sababu. Nikaona mvua zile zote. Machi, Sababu: stima, kasema Mama. Aprili, Sababu: stima, kasema Mama. Tena. Tena. Hukuandika stima peke yake hata mara moja, Moraa. Kila mahali umeweka kasema Mama.

Nikafika Jumatano.

Umeandika hivi. "Saa ya mwisho kwenye orodha ya mashine ni tisa na dakika ishirini alasiri. Baada ya hapo mwaka ni 1980."

Nilikaa na mistari hiyo miwili kwa muda mrefu kabla sijaielewa. Mashine ile ilikuwa na kiorodha chake, kila baada ya dakika chache inajiandikia saa, nani anajua kwa nini. Kiliishia saa tisa na ishirini, wakati radi ilipopiga, na wewe ulikuwa darasani na mwalimu na watoto arobaini. Tena aliyeiwasha baadaye aliandika namba za diski na hakuiwekea saa. Wewe hukuwahi kuacha kuiwekea saa. Ni mtu mmoja tu katika zahanati nzima ambaye angefuata karatasi yako ya ukutani na kusahau mwaka.

Ulijua jioni ileile. Ulijua huku unaniuliza huyu nani, kilo saba.

Na kwenye safu ya Sababu, kwa mwandiko ule wako wa miaka kumi na minne, umeandika neno moja. "Mimi."

Sista angelisoma daftari hilo. Alikuwa analipitia kila Ijumaa. Uliliandika ili alisome.

Nimelia, na sasa nimemaliza, kwa hiyo usiogope ukiona macho yangu jioni hii. Nilianza barua hii nikidhani nakuletea habari. Miaka mitano nimekuwa nachunga uso wako usije ukabadilika, kumbe uso niliokuwa nauchunga ulikuwa tayari ni wa mtu anayejua. Ulinitazama hivyohivyo ukijua. Ulinipikia uji nilipougua ukijua. Ulicheka sakafuni siku ya disketi, ukijua.

Sikuombi useme lolote kesho stendi. Watu watakuwa wengi, na shangazi zako wana masikio. Ukipenda niandikie ukifika, na usiniandikie habari za mvua.

Mashine nitaitunza. Betri yake nayo imeanza kuchoka, juzi niliona ikisema mwaka wa 1980 kabla hujairekebisha. Sitamwita fundi. Najua pa kuandika namba za diski. Lakini nakwambia mapema, kuna asubuhi nitaiwasha na sitaiwekea saa. Nitakaa nayo hivyo kidogo, chai yangu mkononi, na wewe mgongoni, halafu nitaiwekea.

Namsikia mtu akikung'uta matope mlangoni, na ni hatua zako. Namaliza.

Nimechukua rula na kalamu nyekundu ya zahanati. Nimelikata lile neno lako, mstari mmoja tu, lionekane bado lilikuwa nini. Mbele yake nimeandika: Mama alichomoa. Mama alijibu ndiyo bila kusoma. Mama alinyamaza. Nimeweka tarehe ya leo na jina langu lote, kama ninavyoliandika kwenye kadi za watoto. Daftari nimelirudisha chini ya sweta, na barua hii iko ndani yake, kwenye Jumatano.

Mama yako,
Bosibori